Misuli Miwili, Msumeno Mmoja

Msomaji aliyetazama video ya mtu akishuka ngazi kwa mguu wa bandia "unaoongozwa na akili" ameuliza swali la haki kabisa: je, huyo ametobolewa fuvu akawekewa waya ubongoni?

La. Vifaa vya kupachikwa ubongoni vipo, na mwaka 2012 dunia ilimwona Cathy Hutchinson, Mmarekani aliyepooza miaka mingi, akinywa kahawa kwa mkono wa roboti alioupeleka kwa fikra tu. Lakini mguu wa kwenye video ni kisa kingine. Siri yake haiko kichwani. Iko kwenye kigutu, chini ya goti.

Kisa hicho kinaanza na Jim Ewing, mpanda miamba aliyeanguka katika visiwa vya Cayman mwaka 2014 na kifundo chake cha mguu kikakataa kupona. Julai 2016, huko Boston, daktari Matthew Carty alimkata mguu huo kwa namna ambayo hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukatwa. Carty aliibuni mbinu hiyo pamoja na kikosi cha Hugh Herr, profesa wa MIT na rafiki wa Ewing tangu enzi za kupanda miamba pamoja. Herr mwenyewe alipoteza miguu yote miwili mwaka 1982, akiwa na miaka 17, baada ya kunaswa na dhoruba ya theluji kwenye Mlima Washington.

Mbinu yenyewe ni ya kuitazama polepole. Misuli inayokunja viungo hufanya kazi kwa jozi. Ukiinua vidole vya mguu, msuli wa mbele ya muundi hujikaza na ule wa tafu huvutika. Ukisukuma ardhi ili upige hatua, zamu hubadilika.

Waliowahi kuwaona wapasua mbao watauelewa mpango huu upesi. Gogo liko juu ya jukwaa, mmoja kasimama juu yake, mwenzake yuko shimoni na unga wa mbao unammwagikia kichwani. Wa chini haoni mstari. Lakini wa juu akivuta, mikono ya wa chini inanyanyuka, na kwa namna mpini unavyomvuta anajua msumeno umefika wapi, kama umegonga fundo, kama mwenzake amechoka. Hakuna anayepiga kelele. Msumeno ndio unaowasemea. Misuli nayo iko hivyo hivyo. Ndani ya nyuzi zake mna vihisio vidogo mno vinavyopima msuli umevutwa kiasi gani na kwa kasi gani, na habari hizo hupanda kwenye neva hadi ubongoni bila kukoma. Ndiyo maana mtu hufumba macho na bado akajua mguu wake umekaaje.

Ukataji wa kawaida hukata msumeno katikati. Kila mpasuaji anabaki na kipande chake kilichofungwa kwenye nguzo. Anavuta, hakuna kinachokuja, wala yeye mwenyewe havutwi tena na mtu. Misuli inakonda, na ubongo unaendelea kutuma amri kwa wayo ambao haupo, bila kurudishiwa jibu.

Carty aliuunga msumeno. Kano za misuli hiyo miwili alizifunga pamoja, kisha akahitaji roda ya kuzipitishia. Aliipata ndani ya kifundo kilekile kilichokwisha katwa: mifereji laini ambamo kano huteleza ilitolewa humo, ikapachikwa kwenye mfupa wa muundi, na kano zikapita ndani yake kama kamba ya tanga. Sehemu iliyokuwa inakwenda kutupwa ikarudishwa kazini!

Hisi hii ya kujua viungo viko wapi haina jina lililozoeleka kwa Kiswahili. "Hisi ya mkao" inakaribia, lakini mkao ni wa kitu kilichotulia, na mguu unaotembea hautulii. "Hisi ya mwendo" inamsahau aliyesimama wima gizani. Basi hapa iitwe hisimaungo. Maungo ni mwili na sehemu zake zilizoshikana, na neno lina undugu na kuunga, kitendo hasa alichokifanya daktari.

Kilichobaki ni rahisi kueleza. Elektrodi juu ya ngozi husoma umeme wa misuli iliyoungwa, na kompyuta ya mguu huugeuza kuwa mwendo wa kifundo chenye mota.

Julai 2024 jarida la Nature Medicine lilichapisha matokeo ya watu 14 waliokatwa chini ya goti, 7 kati yao wakiwa wamefanyiwa upasuaji huu. Kasi yao ya juu ya kutembea ilizidi ya wenzao kwa asilimia 41, ikalingana na ya watu wenye miguu yao kamili. Na hisimaungo iliyowawezesha? Ishara za misuli zilizorudi zilikuwa asilimia 18 tu ya zile za mguu mzima. Zikawatosha. Mguu wenyewe ulikuwa ungali wa maabara, na waliokwisha kupata upasuaji huo wakati huo walikuwa takriban 60 duniani.

Katika majaribio ya mwanzo Ewing aliwekwa kwenye ngazi. Alipoanza kushuka, ncha ya mguu wa bandia iliinama yenyewe, ikatafuta kipandio kinachofuata kabla ya wayo kutua. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.