Je, Wajua? Anga la Tabora kwa Darubini

Je, wajua kwamba Tabora iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, hivyo kwa mwaka mmoja mkazi wake huweza kuona karibu anga lote? Wapelelezi Waingereza Burton na Speke, waliofika Kazeh (Tabora ya leo) Novemba 1857 kwa njia ya misafara kutoka pwani, walipima nyota kwa sekstanti ili kujua walipo.

Leo darubini ya macho mawili ya 10x50 inatosha kulitazama anga hilo, hata ukiwa kwenye roshani ya ghorofa mjini. Zima taa ya nje, egemeza viwiko ukutani ili mikono isitetemeke. Kilimia, ambacho kwa macho matupu huonyesha nyota 6 au 7, hujaa makumi ya nyota. Sayari ya Mshtarii huonyesha miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610; itazame kesho yake, utaikuta imehama.

Kinachonivutia kuliko vyote ni Omega Centauri, upande wa kusini, mwezi Mei mvua zikiisha. Ni doa la ukungu tu, kumbe ni mamilioni ya nyota, umbali wa miaka ya nuru takriban 17,000. Aliye London halioni kamwe.

Tahadhari: usielekeze darubini kwenye jua, hupofusha.