Skrini Yako Inakuzingua, Mwanangu

Bango lilikuwa la sendofu, mita 3 kwa 2, na kamati ilitaka rangi mbili tu: damu ya mzee na maziwa. Nikakesha nalo geto kwangu Ipagala, mashine mapajani, taa nimezima, mwanga wa skrini nimeupandisha hadi mwisho. Kwenye kioo kile lilikuwa kali kinoma. Asubuhi nikapeleka fleshi kwa wachapaji, jioni nikakunjua mzigo mbele ya kamati.

Maziwa yamekuwa wali wa binzari. Damu ya mzee imezama, imekuwa kahawa iliyoungulia sufuriani. Bibi harusi mwenyewe pichani ana sura ya chungwa. Mama mwenyekiti wala hakunimaindi kwa kelele. Alichukua kipande cha kitambaa cha sare za kina mama, akakilaza juu ya bango, akaniangalia. Nikauchuna.

Kilichofuata wana wote wa dizaini mnakijua: nikaenda kumwakia mchapaji. Jamaa akanisikiliza mpaka nikachoka, akafungua faili langu kwenye mashine yake, akanigeuzia kioo. Njano ileile. Chungwa lilelile. "Dogo, printa imetoa ulicholeta." Bango nikalirudia kwa mpunga wangu, na usiku huo ndipo nilipoanza kuisoma hii ishu ya kuseti rangi za skrini. Nawatonya wana wa Dom, kuanzia mageto ya Ng'ong'ona pale jirani na UDOM mpaka vibanda vya Majengo na Uhindini, kwa sababu naona wengi mnakula hasara hii hii na lawama mnawatupia wachapaji.

Iko hivi. Mashine zetu nyingi ni za mtumba, zimetumika maofisini majuu kabla ya kutua Bongo. Kioo chake kiliwekewa mtu wa kuandika barua na kujaza hesabu, si mtu wa kuchagua rangi ya ngozi. Vioo vingi vya bei ya chini vinamwaga bluu. Cha kwangu ndivyo kilivyokuwa. Sasa rangi ya maziwa ni nyeupe iliyotiwa njano kidogo sana. Bluu ya kioo ikaimeza ile njano, mimi nikaona nyeupe kavu, nikaongeza njano. Uso wa dada ukaonekana una majivu, nikaupasha wekundu na njano. Damu ya mzee, kwa mwanga ule wa kupasua macho, ikaonekana imepauka, nikaipiga giza. Kila ugonjwa wa kioo niliutibu kwa kuliharibu faili, na faili ndilo lililokwenda kwa mchapaji.

Unajiuliza macho yangu yalikuwa wapi? Macho yalikuwepo, ila jicho huzoea. Likikaa mbele ya skrini ya bluu dakika kadhaa, linaanza kuiita nyeupe, na halikwambii. Ndiyo maana huwezi kuikagua skrini yako kwa kuikodolea tu. Unahitaji kitu cha nje cha kulinganisha nacho, na dunia ya kompyuta inacho kitambo. Mwaka 1996 HP na Microsoft walileta kipimo kinachoitwa sRGB, na mwaka 1999 kikapitishwa kuwa cha kimataifa. Humo nyeupe imefungwa kwenye Kelvini 6,500, yaani nyeupe ya mwanga wa mchana. Ukipanda juu ya hapo unaingia kwenye bluu, ukishuka unaingia kwenye njano. Na kila rangi ina namba zake. Damu ya mzee iliyokolea vizuri ni nyekundu 128, kijani 0, bluu 0. Ningeziangalia namba za bango langu usiku ule badala ya kuuamini mwanga, zingenichoma mapema.

Basi tufanye kazi, na hii haikuli hata mia. Kwanza futa kioo. Unacheka, lakini wewe unaishi Dodoma. Lile vumbi jekundu la Agosti likikaa wiki moja juu ya skrini, tayari una kichujio. Kitambaa laini, maji kidogo kwenye kitambaa, usimwage kwenye kioo. Chomeka chaja, maana mashine nyingi zikiwa kwenye betri zinabana mwanga na kuchezea rangi zenyewe ili zidumu na chaji. Zima ile mode ya usiku inayopiga skrini manjano. Iache iwake nusu saa, ipate moto. Usikae na dirisha mgongoni, jua la saa saba likaja kugonga kioo. Kaa usawa wa skrini kabisa, kwa sababu vioo vya bei poa, ukivilaza kidogo tu, rangi inageuka.

Kwa mwenye Windows: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dccw, piga enta. Itafunguka programu iliyomo humohumo ndani, haihitaji bando. Itakuletea viduara vyenye vidoti katikati. Sukuma kitelezi taratibu mpaka vidoti visionekane tena. Hiyo ndiyo gama, inayoamua rangi za katikati ziwe nzito au nyepesi. Kisha mwanga: kuna picha ya jamaa mwenye suti, lazima uweze kutofautisha shati na suti kwenye giza, na ile X nyuma yake ionekane kwa mbali sana. Ukishuka zaidi unapoteza weusi, ukipanda zaidi weusi unakuwa jivu. Mwisho ni mistari ya kijivu na vitelezi vitatu, nyekundu, kijani, bluu. Hapa kaa. Usikimbie. Kijivu hakina pa kujificha: kikiwa na bluu kidogo utaiona, punguza bluu, kikivuta waridi, punguza nyekundu. Mimi nilipovuta bluu chini nikaona skrini imekuwa kama imemwagiwa chai, nikataka kuirudisha. Nikatoka nje dakika kumi, niliporudi ilikuwa nyeupe. Jicho lilikuwa limejinyoosha.

Usidhani ni mambo ya kadi za harusi tu. Mshkaji wangu anapiga picha za michoro ya mwambani ya Kolo, Kondoa, ile iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006 na ambayo Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951. Wekundu wa michoro ile umefifia, mwingine umebaki kama pumzi juu ya jiwe. Ukiuhariri kwenye skrini ya bluu utauongezea moto ambao haupo, na mtu aliyeko Oslo au Nairobi ataamini mwamba wetu unawaka hivyo. Wataalamu wa kazi hiyo huweka kipande cha rangi zinazojulikana pembeni mwa mchoro wanapopiga, ili picha iwe na shahidi. Hata ukiwa unapiga zabibu za Hombolo au nguo za mteja pale Nyerere Square, iga hilo.

Sasa niseme ukweli mwingine: dccw inategemea jicho lako, na kioo hafifu hakigeuki kuwa kizuri. Kuna rangi kali ambazo hakiwezi kuzitoa, hata ukisukuma vitelezi mpaka kesho. Na karatasi nayo ina dunia yake ya wino nne, kwa hiyo bluu ya umeme unayoiona kwenye skrini haitatoka vilevile hata kioo kikiwa safi. Kwa hiyo kabla ya bango zima, chapisha sampo ya A4, ishike kando ya skrini, uone vinavyopishana. Sampo zangu naziandika tarehe nyuma na kuzitunza gizani zisipauke.

Njia ya uhakika ni kile kidude cha kubandika juu ya kioo kinachosoma rangi chenyewe, wanakiita kolorimita. Kipya kinazidi dola 100, na ukikipata, programu ya DisplayCAL ya kukiendesha ni ya bure. Kwa mmoja wetu hiyo hela ni nzito. Kwa watu kumi ni mchango wa kawaida, tunachanga zaidi ya hapo kwenye sendofu. Kinazunguka geto kwa geto, kila mashine inapimwa mara moja kwa mwezi, na mchapaji naye tunampimia ya kwake. Mimi nipo tayari kutoa fungu la kwanza. Mwenye nacho tayari Dom hii, ajitokeze tusianze kununua.