Utangulizi: Rejenereta na Safari ya Kufikia Kelvini 4

Aliyewahi kulazwa ndani ya mashine ya MRI anakumbuka kishindo kinachoanza picha inapopigwa. Kabla ya kishindo hicho kuna sauti nyingine ndogo isiyokoma, chwip, chwip, usiku na mchana, hata chumba kikiwa hakina mgonjwa. Hicho ni kichwa baridi cha mtambo wa kupoza heliamu. Mota yake hufuata mapigo ya stima; kwa umeme wetu wa hezi 50, mitambo mingi ya aina hii hupiga mara moja kila sekunde. Marekani, kwenye hezi 60, hupiga mara 1.2.

Kazi yake ni kulinda sumaku. Waya zake za niobiamu na titaniamu hupitisha umeme bila upinzani wowote zikiwa kwenye baridi kali tu, ndiyo maana huzamishwa katika heliamu ya maji kwenye kelvini 4.2, yaani karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Sumaku nyingi za hospitalini hubeba lita 1,500 hivi. Stima ikipotea kwa muda mrefu, kichwa baridi kinanyamaza, heliamu inaanza kuchemka na kutoka kupitia bomba la paa. Kuijaza upya ni gharama kubwa, maana gesi hii huagizwa kutoka ng'ambo, ingawa tangu 2016 tunajua kwamba majirani zetu wa Tanzania wanayo chini ya ardhi huko Rukwa.

Ninapoandika haya namfikiria fundi wa friji wa Eastlands, mwenye kibanda Kayole, Umoja au Kariobangi, geji zikining'inia ukutani na mtungi wa R134a mlangoni. Karibu, ndugu yangu. Nusu ya mambo haya unayajua. Kompresa unaijua, uvujaji unaujua, na unajua unyevu unavyoziba kapilari. Utakachopaswa kusahau ni kwamba gesi hugeuka maji ndani ya mfumo. Humu haigeuki. Heliamu inashindiliwa hadi takriban baa 20, inapozwa kwa maji, inaingia kichwani kupitia vali inayozunguka, inatanuka mwisho wa bomba na hapo kupoa, kisha inarudi kwa baa 8 hivi.

Katikati ya njia hiyo kuna rejenereta: bomba lililojazwa nyavu laini za waya au vigololi vidogo sana. Gesi inayoshuka huacha joto lake humo, inayorudi hulichukua. Ni chama, na joto ndilo mchango: kila anayepita anaweka, wa zamu inayofuata anatoa, na hesabu isipolingana chama kinavunjika. Kasisi wa Uskoti, Robert Stirling, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1816, akitafuta kuokoa makaa.

Sasa tatizo lenyewe. Kadiri yabisi inavyopoa, ndivyo uwezo wake wa kubeba joto unavyoporomoka. Risasi hufanya kazi vizuri hadi kelvini 15 hivi, kisha sanduku la chama linakuwa dogo kuliko michango, kwa sababu heliamu yenye shinikizo, karibu na kelvini 10, hubeba joto jingi ajabu. Mashine walizobuni Gifford na McMahon karibu na 1960 zilikwama hapo kwa miaka mingi. Ukuta ulivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Japani walipotumia mchanganyiko wa eribiamu na nikeli. Atomi zake ni visumaku. Vinapojipanga safu moja karibu na kelvini 7 hutoa joto, vinapotawanyika hulimeza. Baadaye ikaja holmiamu na shaba kwa eneo la kelvini 10, kisha kauri ya gadoliniamu kwa kelvini 5. Siku hizi hupangwa kwa tabaka: risasi juu, kauri chini kabisa.

Upangaji huo ni kazi ya mikono. Vigololi vina upana wa milimita 0.2 hadi 0.5. Ukivipunguza, joto linapita haraka lakini gesi inabanwa. Ukivikuza, gesi inapita na joto linabaki. Bomba hugongwagongwa taratibu hadi vitulie, kwani vikilegea vitasuguana na kuwa unga, na unga ukifika kwenye sili, umepoteza kichwa kizima.

Hasara bado ni ya kutisha. Mtambo wa kawaida hula takriban wati 7,000 ukutani ili kuondoa wati 1.5 kwenye kelvini 4.2. Kanuni ya Carnot inadai wati 105 tu. Tunapata kama asilimia 1.5 ya kinachowezekana. Kompresa ina lawama zake, lakini kwa maoni yangu rejenereta ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuboreshwa. Wazo linalonivutia zaidi ni kuifungia heliamu ndani ya vidonge vya chuma ili itunze joto la heliamu mwenzake, kwa kuwa kwenye baridi hiyo yabisi chache zinaifikia.

Hesabu za mwanzo ni za kidato cha nne, usizikimbie. Chora kwanza mistari miwili, uwezo wa joto wa risasi na wa heliamu, kuanzia kelvini 4 hadi 20, uone inapokatana. Na kama una kompresa kuukuu kibandani, usiipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hujamaliza kusoma.