Cheo cha Baba, Kiwanja cha Mama

Mfuko wa saruji ukipasuliwa kwa ncha ya koleo, linaloruka kwanza ni vumbi, na ukishapangusa macho unaona maandishi. Kwenye karatasi ile ya kaki, karibu na nembo ya kiwanda, mara nyingi pamechapwa neno Portland. Wa Athi River wanalo hata kwenye jina la kampuni, na wa Wazo Hill vilevile. Fundi mmoja wa Tegeta aliwahi kunihakikishia kwamba Portland alikuwa Mzungu aliyegundua saruji. Hakukosea kwa mbali. Mzungu alikuwapo, ila aliitwa Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, na mwaka 1824 alipoisajili saruji yake aliipa jina la kisiwa, kwa madai kwamba ikishaganda hufanana na jiwe linalochimbwa huko.

Kisiwa chenyewe kiko pwani ya kusini ya Uingereza, mkoa wa Dorset. Ni mwamba mtupu unaopigwa na upepo, wenye machimbo, mnara wa taa, na gereza lililofunguliwa mwaka 1848 ili wafungwa wakavunje mawe. Jiwe lake jeupe ndilo lililojenga kanisa kuu la St Paul's jijini London. Mtu asiye mchimbaji wala mfungwa alikuwa na sababu chache za kwenda kuishi Portland, na walioongoza kwa kutokwenda ni wale waliobeba jina lake kwa zaidi ya miaka mia mbili: Maduke wa Portland.

Ukitaka kulikuta jina hilo mbali na kisiwa, nenda London ya kati. Mkenya mwenye shida ya pasipoti atakupeleka mwenyewe, maana Ubalozi wa Kenya uko Portland Place, namba 45. Ni barabara pana kupita kawaida ya mji ule, yenye nyumba ndefu zilizopangwa mwishoni mwa karne ya 18 na ndugu wawili wasanifu, akina Adam. Upana wake una kisa. Upande wa kusini palikuwa na nyumba ya Lord Foley, na mkataba wake ulikataza mtu yeyote kumzibia mandhari ya kaskazini, basi barabara ikabidi ilingane na upana wa nyumba yake. Leo upande huohuo limesimama jengo la BBC la mwaka 1932, lililovikwa jiwe la Portland kutoka kulekule kisiwani. Idhaa ya Dunia ya BBC ilipofunga virago vyake Bush House mwaka 2012, ilihamia hapo.

Jina, basi, limefika pale kwa njia mbili, kwa mawe na kwa cheo. Njia ya mawe haina utata, yalipakiwa melini. Ya cheo inataka maelezo.

Makabaila wa Uingereza wana ngazi tano: Duke juu kabisa, kisha Marquess, Earl, Viscount, na Baron chini. (Mke wa Earl huitwa Countess, kwa sababu Earl ni neno la kale la Waingereza lisilokuwa na la kike, ikabidi waazime kwa Wafaransa.) Duke na Earl wengi hubeba jina la mahali, na hapo ndipo mgeni anapotea. Atadhani Duke wa Devonshire anapatikana Devon, kama vile Liwali wa Lamu alivyopatikana Lamu. Hayupo. Yuko Chatsworth, mkoa wa Derbyshire, katikati ya nchi. Anayekaa Devon ni Earl wa Devon, mtu mwingine, wa ukoo mwingine. Duke wa Norfolk, ambaye kwa urithi ndiye msimamizi wa shughuli kubwa za dola, aliyepanga mazishi ya Malkia Elizabeth mwaka 2022 na kutawazwa kwa Charles mwaka uliofuata, ngome yake iko Arundel, Sussex. Zamani sana jina lilifuatana na madaraka ya eneo. Baadaye mfalme akawa anagawa majina yaliyokuwa hayana mtu.

Hivyo ndivyo Portland ilivyompata Hans Willem Bentinck. Huyu alikuwa Mholanzi, rafiki wa tangu ujana wa William wa Orange, na ndiye aliyemuuguza William alipopatwa na ndui. William alipotwaa kiti cha Uingereza, mwaka 1689 akamfanya Earl wa Portland. Mwanawe akapanda kuwa Duke mwaka 1716. Cheo kilikuwa kizito, lakini ekari za Marylebone, ambako leo ipo Portland Place, hakikuwa nazo hata moja.

Ekari zililetwa na mwanamke. Kijiji cha Marylebone kilinunuliwa mwaka 1710 na John Holles, Duke wa Newcastle, aliyefariki mwaka uliofuata bila mtoto wa kiume. Cheo chake kikazimika, lakini shamba halizimiki, likaenda kwa binti yake, Henrietta Cavendish Holles. Henrietta akaolewa na Edward Harley, aliyekuwa baadaye Earl wa Oxford, akazaa binti, Margaret. Margaret akaolewa mwaka 1734 na Duke wa pili wa Portland. Vizazi viwili mfululizo, ardhi ileile inarithiwa na binti, na kila mara anakuja bwana mwenye jina jipya la kubandika ukutani.

Ukitembea pale unaisoma ndoa hiyo nzima kwenye vibao vya mitaa. Holles Street. Henrietta Place. Harley Street, ya madaktari bingwa. Margaret Street. Cavendish Square. Wimpole Street, kwa jina la nyumba ya Harley kule Cambridgeshire, na Welbeck Street, kwa jina la nyumba ya Nottinghamshire ambayo nayo ilikuja upande wa wanawake, na ambako Maduke wa Portland waliishi kweli. Nilipita siku moja ya Februari, mikono mifukoni, nikijaribu kuvipanga vibao hivyo kwa mfuatano wa kuzaliwa. Nilifika Welbeck Street nikakwama, kwa sababu huwezi kujua kwa kibao nani alimzaa nani. Majina ya wanaume ni ya koo, ya wanawake ni yale waliyopewa na wazazi. Henrietta na Margaret wako pale kama unavyowaita mashangazi.

Duke aliyenivutia kuliko wote ni wa tano, aliyekufa mwaka 1879. Hakuoa. Hakupenda kuonekana. Kule Welbeck alichimbisha mahandaki, moja pana kiasi cha magari mawili ya farasi kupishana, na chini ya ardhi akajenga ukumbi wa mita 48 hivi ambao watu waliuita wa dansi, ingawa mwenyewe hakuwa mtu wa kualika wachezaji. Mamia ya vibarua walikula kwa mradi huo. Majirani walisema amerukwa na akili. Mimi naona alikuwa tajiri mwenye aibu, na tajiri mwenye aibu huruhusiwa mambo ambayo maskini mwenye aibu angefungiwa.

Kifo chake kiliitenganisha tena mirathi pale pale ilipokuwa imeungwa. Cheo kilikwenda kwa binamu. Viwanja vya Marylebone vikaenda kwa dada zake, hatimaye kwa Lucy, mjane wa Baron Howard de Walden. Mpaka leo ni ukoo wa Howard de Walden unaomiliki ekari 92 hivi pale katikati ya London, Harley Street ikiwemo. Na ubaroni huo, wa mwaka 1597, ni wa aina ya kale ambayo mwanamke anaweza kuurithi. Baron wa tisa alipokufa mwaka 1999 akiacha mabinti watupu, cheo kilining'inia, kwa kuwa kisheria mabinti ni sawa na hakuna kifungua mimba. Kikakaa hewani hadi mwaka 2004 kilipopewa mkubwa wao.

Na Portland? Duke wa tisa alikufa mwaka 1990 bila mrithi wa kiume na udyuki ukazikwa naye. Ngazi ya Earl, kwa kuwa hati yake ilikuwa ya zamani zaidi, ilipata tawi la mbali la ukoo. Earl wa kumi na mbili, tangu mwaka 1997, ni Tim Bentinck, mwigizaji. Wasikilizaji wa BBC wanamjua kwa sauti ya David Archer, mkulima katika mchezo wa redio ambao umekuwa ukirushwa tangu miaka ya 1950. Shamba linalomtambulisha kwa watu ni la redioni.

Ungesema kisa cha Portland ni bahati tu kama jirani zake wasingekuwa na kisa hichohicho. Duke wa Westminster, ambaye ukoo wake unamiliki sehemu kubwa ya Mayfair na Belgravia, makao yake yako Eaton, Cheshire, na asili yao, akina Grosvenor, ni kulekule. London waliipata mwaka 1677, pale Sir Thomas Grosvenor, kijana wa miaka 21, alipomuoa Mary Davies. Baba yake Mary alikufa mwaka wa tauni, 1665, Mary akiwa mchanga, akamwachia ekari 500 hivi za majani, matope na miti ya matunda magharibi ya mji. Siku ya harusi bibi harusi alikuwa na miaka 12. Baadaye akili yake iliyumba, akafa mwaka 1730, na mji ukajengwa juu ya malisho yake. Udyuki wenyewe ulikuja mwaka 1874, karibu miaka mia mbili baada ya harusi. Mtaa upo unaoitwa Davies Street, si mrefu.

Akina Russell, Maduke wa Bedford, waliipata Bloomsbury kwa njia hiyohiyo: mwaka 1669 Rachel Wriothesley, binti wa Earl wa Southampton, aliolewa na William Russell. William akakatwa kichwa mwaka 1683 kwa kuhusishwa na njama dhidi ya mfalme. Rachel akaishi mjane kwa miaka arobaini, akiendesha mali. Ndiyo maana kuna Russell Square na Bedford Square. Chuo cha SOAS, ambako vizazi vya Wazungu vimekaa darasani kung'ang'ana na ngeli zetu, kiko pale Russell Square, kwenye mtaa wa Thornhaugh, jina la cheo kingine cha Russell.

Lamu walikuwa na namna yao. Mwenye nyumba ya mawe, binti akiolewa, humpa binti nyumba, na mume huja kuishi kwa mkewe. Ukoo utajwe kwa mume, lakini akikorofisha, anayebeba sanduku ni yeye. Mwingereza wa karne ya 17 angeshangaa. Kwake binti huleta kiwanja na funguo humkabidhi mume, na hadi sheria ya mwaka 1882 mke hakuwa na mamlaka kamili juu ya mali yake mwenyewe. Bungeni hali ilikuwa hiyohiyo: wanawake wachache waliorithi vyeo kwa haki yao hawakuruhusiwa kuketi na malodi wenzao hadi mwaka 1963.

Majina haya hayakubaki kwao. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani walitiliana saini mkataba ambao kwa huo Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza na Wajerumani wakapewa kisiwa cha Heligoland. Aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza ni Marquess wa tatu wa Salisbury. Salisbury ni mji wa Wiltshire. Yeye alikaa Hatfield, Hertfordshire, na jina lake kamili la ukoo, Gascoyne-Cecil, lilianza na la mama yake, Frances Gascoyne, aliyeingia na utajiri kiasi kwamba baba mtu alilibeba jina la mke. Mwaka huohuo wa 1890 ngome ikajengwa kusini mwa Zambezi, ikaitwa Salisbury. Ilingoja hadi 1982 kuitwa Harare.

Kenya ilimpata Lord Delamere, aliyechukua jina la msitu wa Cheshire na ardhi ya Njoro na Elmenteita. Huku hakukuhitajika ndoa. Serikali ya kikoloni ilikodisha ekari 100,000 kwa miaka 99, na Wamaasai wakahamishwa kwa mikataba miwili, wa 1904 na wa 1911. Barabara iliyokuwa na jina lake Nairobi leo ni Kenyatta Avenue.

Kisha yuko Edward Twining, wa ukoo wa wafanyabiashara wa chai, gavana wa Tanganyika tangu 1949 hadi 1958, yule aliyekipigia debe chama cha UTP dhidi ya TANU ya Nyerere. Mwaka 1958 Uingereza ilitunga sheria ya vyeo vya maisha, visivyorithiwa, na Twining akawa miongoni mwa wa kwanza kupewa. Ilipofika kuchagua mahali pa kuambatanisha jina, hati yake iliandikwa: Baron Twining, wa Tanganyika na wa Godalming katika mkoa wa Surrey. Mwaka huohuo, Dar es Salaam, Nyerere alikuwa mahakamani kwa kesi ya kashfa, akatozwa faini.

Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1964 ikaungana na Zanzibar na kufutika kwenye ramani kama jina la nchi. Kule Westminster iliendelea kuwa na Baron wake kwa miaka mitatu zaidi, hadi Julai 1967, Twining alipofariki.