Maji na Kima wa Jozani

Kisiwa cha Unguja hakina mto mkubwa. Vijito vyake ni vichache, na baadhi hupotea katika mapango ya mawe ya matumbawe kabla ya kufika baharini. Atafutaye wanyama wanaotegemea mafuriko hana budi kwenda Jozani, yapata kilomita 35 kutoka Mji Mkongwe, ambako maji hayaletwi na mto bali huchomoza ardhini.

Msitu huo umekaa bondeni, baina ya Ghuba ya Chwaka na Uzi. Masika yakikolea, maji hupanda na kufunika mizizi ya mitondoo na michikichi. Humo huishi kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja tu. Punju ni sumu, na jina hilo laonyesha jinsi alivyochukiwa. Wakulima walimshutumu kwa kula vidaka vya minazi. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker waliipima shutuma hiyo, na matokeo yao ya mwaka 1999 yalionyesha kuwa pale kima walipokula vidaka vingi, mavuno hayakupungua. Yamkini huondoa vile ambavyo vingedondoka vyenyewe. Laiti kila shutuma dhidi ya mnyama ingepimwa hivyo!

Jozani na Ghuba ya Chwaka zilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004. Hata hivyo, hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilipata kima zaidi ya 5,800, na baadhi yao walikuwa nje ya hifadhi. Kwa hiyo kulinda mpaka wa hifadhi pekee hakutoshi. Vipande vya misitu ya vijijini navyo vyataka kuunganishwa kwa miti. Katika barabara ipitayo Jozani, matuta yamepunguza vifo vya kima wanaogongwa na magari.

Lakini la kwanza ni maji. Visima vikizidi kuvutwa, maji matamu hushuka na ya chumvi husogea kutoka baharini, na mti wa bondeni haukimbii. Kima waishio katika mikoko hunywa maji mara nyingi kuliko wenzao wa msituni. Kina cha maji na chumvi yake havina budi kupimwa masika na kiangazi, mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo yahitaji kamba, chupa na daftari, vitu ambavyo hata shule ya sekondari ya jirani yaweza kuvipata.