Pima Kitanda Kabla ya Kukata Kitambaa

Nabii Isaya, katika sura ya 28, anataja kitanda kisichomtosha mtu kujinyoosha na nguo isiyomtosha kujifunika. Sisi akina mama wa kikundi kimoja cha kanisa hapa Bariadi tulikuwa tumeisoma sura hiyo mara nyingi. Hatukudhani kwamba siku moja ingetuhusu sisi na sindano zetu.

Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati pamba inavunwa na usiku una baridi. Tuliamua kumshonea mfarishi bibi mmoja mjane anayelea wajukuu wawili. Mfarishi ni blanketi la tabaka tatu: juu vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, katikati pamba au blanketi kuukuu, na chini shuka. Nyumbani kwa bibi kuna kitanda kimoja cha futi 4 kwa 6, nao hulala hapo wote watatu.

Tulikusanya mabaki ya vitenge kwa mafundi cherehani wa sokoni. Tukahesabu haraka haraka: futi 4 ni kama sentimeta 120, futi 6 ni kama 180. Tukakata vipande vya sentimeta 20 kila upande, 6 kwa upana na 9 kwa urefu. Jumla vipande 54. Tukashona wiki tatu, tukiimba na kucheka.

Bibi alitupokea kwa furaha. "Wabeja, wabeja sana wanangu," alisema huku akiupapasa. Siku chache baadaye mmoja wetu alipita kwake alfajiri kumpelekea maziwa. Akawakuta wajukuu wamefunikwa vizuri, na bibi amejikunja ukingoni mwa kitanda na kanga yake. Hakulalamika. Alisema tu, "Watoto wamelala vizuri, mwanangu." Mwenzetu aliporudi na habari hiyo, hakuna aliyecheka.

Tulikosea wapi?

Tulikosea mara tatu. Kwanza, tulisahau mshono. Kila kipande hupoteza sentimeta 1 kila upande kinapounganishwa na mwenzake. Kipande cha 20 kikabaki 18. Vipande 6 vikatoa sentimeta 108 badala ya 120, na vipande 9 vikatoa 162 badala ya 180. Mfarishi ukawa mdogo kuliko godoro lenyewe!

Pili, tulipima godoro kana kwamba ni karatasi. Godoro lina unene, na mfarishi lazima uteremke pembeni. Tatu, hatukujiuliza ni nani wanaolala pale. Watu watatu wanapogeuka usiku, kila mmoja huvuta upande wake.

Hesabu iliyo sahihi

Tulianza upya. Safari hii tulikwenda kwa bibi na tepu ya fundi, tukapima kitanda kikiwa kimetandikwa. Godoro lilikuwa na upana wa sentimeta 122, urefu wa 183 na unene wa 15.

Kwa kila upande wa kuning'inia tuliweka sentimeta 30: 15 za unene wa godoro na 15 za kuteremka zaidi. Upana una pande mbili, kwa hiyo tuliongeza 60. Urefu tuliuongezea 30 za miguuni tu, kwa kuwa kichwani kuna mto. Kisha tukaongeza 10 kila njia, kwa sababu mfarishi hujikunja kidogo unaposhonwa tabaka zote tatu pamoja.

Upana: 122 + 60 + 10 = 192.
Urefu: 183 + 30 + 10 = 223.

Tukachagua kipande ambacho kikishashonwa kitakuwa na sentimeta 25. Gawanya 192 kwa 25, unapata 7 na zaidi ya nusu. Weka vipande 8. Gawanya 223 kwa 25, unapata karibu 9, weka 9. Mara 8 kwa 9, jumla vipande 72. Mfarishi utakuwa sentimeta 200 kwa 225. Na kila kipande kikatwe sentimeta 27, ili mshono upate haki yake.

Kwa vitanda vingine vya urefu wa futi 6, godoro likiwa na unene huo huo, hesabu ni hii:

Futi 3 na nusu: 7 kwa 9, vipande 63.
Futi 5: 9 kwa 9, vipande 81.
Futi 6: 10 kwa 9, vipande 90.

Upungufu wa sentimeta 2 au 3 hauonekani. Godoro likiwa nene zaidi, pima na uhesabu upya.

Kitambaa na pamba

Kitenge chenye upana wa sentimeta 115 hutoa vipande 4 vya sentimeta 27 kwa upana. Yadi 2 ni sentimeta 183, hutoa safu 6. Hivyo kitenge kimoja cha yadi 2 ni vipande 24, na vitenge vitatu vya rangi tofauti vinatoa 72 kamili. Vifue kwanza kabla ya kukata, visije vikaruka baadaye. Shuka la chini na tabaka la katikati vizidi sentimeta 5 kila upande, utapunguza mwishoni.

Sisi wa Simiyu tumezaliwa katikati ya pamba, lakini pamba ya shambani ina mbegu, nayo haifai kujazwa hivyo hivyo. Tumia iliyokwisha kutolewa mbegu, uitandaze sawasawa, na mishono ikaribiane ili isikusanyike upande mmoja ukifuliwa. Ukiikosa, blanketi kuukuu safi linatosha.

Mfarishi wa pili ulikamilika mwezi wa Agosti. Ule mdogo haukutupwa. Sasa mjukuu mdogo huutandika mkekani mchana. Usiku ule wa kwanza bibi alilala katikati, wajukuu huku na huku, na kila ubavu ukafunikwa.

Bwana Yesu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Mama mpendwa, nawe keti kwanza. Pima kitanda, uliza wanalala wangapi, hesabu vipande vyako, ndipo ushike mkasi. Upendo ulitutuma kwa bibi mara ya kwanza pia, lakini ulikwenda bila tepu.