Moyo unadunda na nyoka hakuna: chakula na mwendo vinasaidia wapi?



Mwanzoni mwa msimu A tulienda katika koperative moja ya milima inayotazama ziwa Kivu. Tulikuja juu ya mbegu za maharagi na deni la MUSO. Katikati ya mkutano mama mmoja aliomba neno, akasema: "Mimi siko mugonjwa. Lakini asubui nikiwa ku shamba moyo unapiga sawa vile nimeona nyoka, na nyoka hakuna." Tulifikiri watu watacheka. Hakuna aliyecheka. Baba mmoja akasema yeye halali usiku. Kijana mwingine akaonyesha mikono yake inavyotetemeka. Mama yule alikuwa amekwisha kuuza kuku wawili, akanunua vidonge vya kulala sokoni bila kumuona muganga, na woga ulikuwa palepale.

Basi mara hii hatuongei juu ya mbolea wala kirabiranya. Tunaongea juu ya wasiwasi, na juu ya mambo mawili ambayo mkulima anayo karibu: sahani yake na miguu yake.

Tuseme kweli tangu mwanzo. Mwenye kulala na masikio wazi juu ya risasi, ao mwenye kuacha shamba akakimbia na watoto, hana wasiwasi wa bure. Uji hauleti amani. Lakini wasiwasi unaingia mwilini, na kule mwilini tuko na njia za kuupunguza.

Mwili wa mtu una kengele ya hatari. Ukiona nyoka, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zinatupa adrenalini ndani ya damu. Mara moja moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka, mikono inatetemeka, tumbo linakazana. Ni muzuri, maana mwili unajitayarisha kukimbia ao kupigana. Shida inakuja wakati kengele inalia kutwa, hata pasipo nyoka. Tena kuna vitu vya kila siku vinavyogonga kengele ileile, na sisi tunafikiri ni mawazo tu.

Cha kwanza ni njaa. Tulimuuliza mama: "Moyo unaanza saa ngapi?" Akajibu: saa nne asubuhi. "Na unakula saa ngapi?" Saa nane, akirudi nyumbani. Wengi wetu njo vile tunaishi: tunatoka saa kumi na mbili na tumbo tupu, tunalima, tunapandisha mulima na muzigo mgongoni. Sukari ya damu ikishuka sana, mwili unatoa adrenalini ili ini lifungue akiba yake ya sukari. Matokeo yake ni kutetemeka, jasho na moyo kudunda, yaani dalili zilezile za woga. Mtu mwenye mawazo akizisikia, anaogopa zaidi, na kengele inazidi kulia. Hatusemi kama njaa njo sababu yote. Tunasema ni sababu moja ambayo mtu anaweza kuijaribu bila kuuza kuku.

Kula kitu mbele ya kushika jembe. Kiazi kitamu kilichopikwa jana, maharagi yaliyobaki, ao kikombe cha uji wa masoso, ni kusema mahindi, soya na mtama. Soya ikaangwe muzuri mbele ya kusagwa, juu soya mbichi inasumbua tumbo. Chai ya sukari na beinye peke yake inapandisha nguvu haraka, kisha inaziangusha haraka. Maharagi na soya vinakwenda polepole, vinamfikisha mtu mpaka mchana. Tunajua kuna nyumba zinazokula mara moja kwa siku. Hata pale, kuweka kando sehemu ndogo ya jioni kwa ajili ya asubuhi kunaweza kusaidia kuliko kumaliza yote usiku.

Cha pili kinatugusa sisi wenyewe wakulima wa kahawa. Zamani tulikuwa tunaiuza yote. Siku hizi wanamemba wengi wanakaanga kidogo na kunywa, na tunafurahi, maana mkulima anapaswa kujua ladha ya mazao yake. Lakini kafeini inaamsha mwili na inaweza kufanya moyo kudunda, zaidi kwa mtu ambaye amekwisha kuwa na wasiwasi. Inakaa pia: karibu saa tano zikipita, nusu yake ingali mwilini. Kikombe cha saa kumi ya jioni, saa tatu ya usiku nusu yake bado inakuamsha. Chai nayo iko na kafeini, ingawa kidogo kuliko kahawa. Kama unasumbuliwa, punguza kidogo-kidogo kwa wiki mbili uone. Usiache kwa siku moja, kichwa kitakuuma.

Juu ya kasiksi na kanyanga, wababa watatusamehe. Pombe inatuliza kweli kwa saa chache, njo maana watu wanaikimbilia. Kisha usiku inakata usingizi, mtu anaamka saa tisa macho wazi, na asubuhi woga umekuwa mkubwa kuliko wa jana. Jioni anakunywa tena ili kuutuliza. Tumeona mavuno yanaisha katika njia hii. Lakini mwenye kunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Aende kwanza kituo cha afya, maana kuacha kwa mara moja kunaweza kumletea degedege.

Bamama wanapaswa kufikiria pia damu kidogo. Mtu mwenye upungufu wa damu anachoka upesi, pumzi inamwishia akipanda mulima, moyo unakimbia. Anaambiwa "una mawazo", kumbe anakosa chuma. Kituo cha afya kinaweza kupima. Nyumbani, weka pamoja sambaza, lengalenga, sombe na maharagi. Ukikula matunda kama maracuja ao chungwa pamoja na chakula hicho, mwili unashika chuma muzuri zaidi; ukikunywa chai ao kahawa palepale na chakula, unakishika kidogo. Ngoja saa moja ao mbili.

Sasa mwendo. Hapa njo tulipogombana katika mkutano. Tulipotamka neno "mazoezi", baba mmoja alisimama: "Nyinyi wa ofisi munakuja na gari, munatuambia tufanye sport? Mimi nalima tangu asubui!" Watu wakapiga mikono, na alikuwa na haki. Shirika la Afya Ulimwenguni linaomba mtu mzima angalau dakika 150 za kutembeza mwili kwa wiki. Mkulima wa Kivu anazimaliza kwa siku moja ao mbili.

Lakini tulimuuliza: ukiwa unalima, kichwa kinafanya nini? Akanyamaza kidogo, akasema: "Kinahesabu deni." Tofauti iko pale. Kubeba muzigo na njaa, peke yako, huku ukihesabu deni, kunachosha mwili bila kutuliza kichwa. Kutembea pasipo muzigo, kuimba na kucheza pamoja na kwaya, mpira wa vijana jioni, hivyo vinatuliza mtu kwa namna ingine. Moyo unakimbia na hakuna kibaya kinachotokea. Mwili unajifunza kama moyo kudunda si hatari. Misuli inalegea, usingizi unakuja mapema. Na mtu hayuko peke yake.

Kwa hiyo hatuombi kuongeza kazi. Kwa mwenye kulima kila siku, pengine cha lazima zaidi ni pumziko: kukaa kivulini katikati ya asubuhi, kunywa maji, kula kile kiazi. Woga ukija palepale shambani, weka jembe chini, vuta pumzi polepole kwa pua, uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara kumi hivi, kisha tembea mpaka mwisho wa mustari na kurudi. Koperative moja imeanza jambo ambalo tulilipenda: kisha salongo, watu wanarudi nyumbani wote pamoja kwa njia ndefu, mikono mitupu, wakiimba. Mahali ambapo njia si salama, wanacheza ngoma uwanjani. Wenye kukaa siku nzima, kama washonaji na waandishi wa koperative, wao wanahitaji mwendo kuliko sisi wote.

Haya yote yanahitaji wiki kadhaa, si siku mbili. Na kuna mambo ambayo sahani na miguu haviwezi. Nenda kituo cha afya kama kifua kinauma ukipandisha mulima, kama umezimia, kama unakonda huku moyo ukikimbia na shingo limevimba, kama ndoto za yaliyokupata zinarudi kila usiku, ama kama umeanza kufikiri kujiua. Kwa hilo la mwisho usingoje hata siku moja, na jirani asikuache peke yako. Mahali penye APS, omba kumuona. Mazungumzo hayo ni ya siri. Mwenye kutumia vidonge vya kulala kwa muda asivitupe ghafla, avipeleke kwa muganga amuonyeshe namna ya kupunguza.

Mama yule tulimuona tena wakati wa mavuno. Usiku bado anaogopa, maana sababu ya usiku haijaondoka. Saa nne, alisema, moyo unapita kimya siku nyingi, si zote. Alitaka kujua kama anaweza kupanda soya kati ya mistari ya kahawa. Ndiyo, kama kahawa bado ni ndogo na jua linafika chini. Acha nafasi kuzunguka kila shina ili mizizi isiguswe na jembe.